Fanksheni Inayopiga Kelele Mlangoni: Kurekebisha Zoezi la Bei ya Samaki kwa Python

Jumamosi moja binti wa jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, alikuja kibarazani kwangu na laptopu ya mtumba kwapani, uso umekunjamana. Zoezi moja la Python lilikuwa limemshinda siku mbili. "Mwalimu," akasema, "hesabu inatokea kwenye skrini, nimeiona kwa macho yangu. Halafu Python inaniambia haipo."

Nilicheka, maana nami nililalamika hivyo hivyo nilipokuwa naanza. Yafuatayo ni yale tuliyofanya asubuhi ile, kwa mpangilio ule ule tuliofuata. Ikiwa tayari unajua kuandika `if` na `def` lakini majibu yako hayashikiki, fuata nasi huku ukiandika kwenye mashine yako. Python 3 yoyote itatosha, hata ile ya kwenye simu.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Andika fanksheni iitwayo `bei`, inayopokea aina ya samaki na kiasi, kisha irudishe jumla ya shilingi. Ngege, ambaye wengine humwita tilapia, ni shilingi 500 kwa kilo. Mbuta ni 450 kwa kilo. Omena ni 300 kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Anayenunua kilo 10 au zaidi apunguziwe asilimia 5, na wa kilo 20 au zaidi apunguziwe asilimia 10. Omena haina punguzo. Aina isiyojulikana irudishiwe -1. Halafu tumia fanksheni hiyo kupata gharama ya kilo 4 za mbuta na gorogoro 12 za omena, ukiongeza bodaboda ya shilingi 100.

(Bei hizo ni za zoezi tu. Usiende nazo Dunga, ufuo wa samaki hapa Kisumu, ukitarajia mtu akusikilize.)

Na hii ndiyo programu aliyoniletea, kwenye faili `samaki.py`:

```
def bei(aina, kiasi):
    if aina == "ngege" or "tilapia":
        jumla = kiasi * 500
    elif aina == "mbuta":
        jumla = kiasi * 450
    elif aina == "omena":
        jumla = kiasi * 300
    if kiasi >= 10:
        jumla = jumla * 0.95
    elif kiasi >= 20:
        jumla = jumla * 0.90
    print(jumla)

a = bei("mbuta", 4)
b = bei("omena", 12)
print("Jumla na boda:", a + b + 100)
```

Kabla hujasoma zaidi, ihesabie makosa. Mimi nilipata matano.

Hatua ya 1: Kalamu kwanza, kibodi baadaye

Sikumruhusu aguse kibodi. Nilimpa karatasi nikamwambia aniandikie jibu sahihi linapaswa kuwa ngapi. Hakuwa amelitafuta. Siku mbili nzima alikuwa akihariri programu bila kujua anaelekea wapi, na huo ndio ugonjwa wa wanafunzi wengi ninaowaona.

Mama yake, ambaye huuza samaki ufuoni, alikuwa amekuja naye na ameketi pembeni akichambua sukuma. Hakuinua hata uso. "Elfu tano mia tano," akasema. Mbuta kilo 4 ni 1,800. Omena gorogoro 12 ni 3,600, haipunguzwi. Boda 100. Basi, 5,500.

Jibu moja halitoshi, kwa sababu programu mbovu inaweza kubahatisha jibu moja likatoka sawa. Tengeneza orodha fupi ya majaribio, na uchague namba zilizo mpakani mwa masharti, yaani moja chini kidogo ya mpaka na nyingine juu ya mpaka wenyewe. Yetu ilikuwa hii:

```
mbuta    4   ->  1800
omena   12   ->  3600
ngege    9   ->  4500
ngege   10   ->  4750
ngege   19   ->  9025
ngege   20   ->  9000
kamongo  3   ->  -1
```

Mama alipoona mistari ya 19 na 20 aliacha sukuma. "Kwa hivyo kilo ishirini ni bei ya chini kuliko kumi na tisa? Nani huyo atanunua kumi na tisa?" Ana haki, lakini zoezi limesema hivyo, nasi hatubadilishi zoezi. Ila ona kwamba jambo hilo lilijitokeza kwenye karatasi, kabla ya mstari mmoja wa programu kuguswa.

Hatua ya 2: Soma kosa kuanzia chini

Sasa endesha programu. Skrini ilitoa hivi:

```
2000
5700.0
Traceback (most recent call last):
  File "samaki.py", line 16, in <module>
    print("Jumla na boda:", a + b + 100)
TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'NoneType' and 'NoneType'
```

Wanafunzi huogopa maandishi haya, wakayafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu. Usiyafunge. Anza na mstari wa mwisho kabisa: unakwambia alama ya kujumlisha imepewa vitu viwili visivyojumlishika, na vyote viwili ni `None`, yaani hakuna thamani. Panda juu: kosa limeonekana mstari wa 16, kwenye `a + b + 100`. Kwa hivyo `a` ni `None` na `b` pia ni `None`.

Angalia neno "limeonekana". Mstari wa 16 wenyewe hauna shida yoyote. Umepokea mzigo mbovu tu, na mzigo huo ulifungwa kwingine. Ukiona `None` mahali ulipotarajia namba, nenda moja kwa moja kwenye fanksheni iliyopaswa kukupa hiyo namba.

Hatua ya 3: Kuonyesha si kurudisha

Hapa tulikaa karibu saa nzima, na sijutii.

Tuseme umemtuma mtoto dukani akuletee unga. Anarudi, anasimama mlangoni, anapaza sauti: "Unga nimenunua, pakiti mbili!" Mtaa mzima umesikia. Kisha anaondoka zake kucheza. Wewe uko jikoni, maji yanachemka, mikono mitupu. Huo ndio `print`. Anapiga kelele mlangoni. `return` ni yule mtoto anayeingia jikoni na kukukabidhi pakiti mkononi, hata kama hajasema neno.

Fanksheni ya binti huyu ilikuwa ikikokotoa, ikitangaza kwenye skrini, kisha ikimaliza bila kukabidhi kitu. Katika Python, fanksheni inayofika mwisho bila `return` hukabidhi `None`. Ndiyo maana yeye aliiona hesabu kwa macho na bado `a` haikuwa na namba. Alichoona ni kelele ya mlangoni.

Badilisha mstari wa 12 tu:

```
    return jumla
```

Usiharakishe kwenda mbele. Kuna namna nne za kuharibu mstari huu mfupi, na zote nimezikuta.

Ya kwanza ni kuandika `return print(jumla)`. Inaonekana kama umechanganya mazuri mawili, lakini `print` yenyewe ni fanksheni, na inachorudisha ni `None`. Umerudi ulikotoka.

Ya pili ni kuandika kitu baada ya `return`. Fanksheni ikifika kwenye `return` imeondoka. Mistari iliyo chini yake, ndani ya tawi lile lile, haitasomwa kamwe, na Python haitakulalamikia.

Ya tatu ni kuita fanksheni bila kupokea jibu. Ukiandika `bei("mbuta", 4)` peke yake kwenye mstari, 1,800 inarudishwa kweli, lakini hakuna aliyenyosha mkono, ikaanguka. Ipokee kwa kigeu, `a = bei("mbuta", 4)`, au iweke moja kwa moja ndani ya hesabu.

Ya nne ndiyo ya hila: nafasi za mwanzo wa mstari. Linganisha:

```
    elif kiasi >= 20:
        jumla = jumla * 0.90
        return jumla
```

na

```
    elif kiasi >= 20:
        jumla = jumla * 0.90
    return jumla
```

Kwenye ya kwanza, `return` imeingia ndani ya tawi la `elif`. Atakayekabidhiwa jibu ni yule tu aliyepitia tawi hilo, na wengine wote wanapata `None`. Nafasi nne tu, na programu ni nyingine kabisa. Weka kidole kwenye skrini, kishushe wima kutoka `def`, uone kila mstari uko chini ya nani.

Sasa endesha tena:

```
Jumla na boda: 7800.0
```

Hakuna maandishi ya kutisha. Binti alipiga makofi. Mama yake akasema, bila kuinua uso, "Nimesema elfu tano mia tano, nyathina," yaani mwanangu.

Hapa ndipo wengi hufunga laptopu. Programu iliyoanguka ina heshima yake, maana imekiri. Hii ya 7,800 imevaa suti na inadanganya.

Hatua ya 4: `or` inayokubali kila mtu

Jibu baya hugawanywa vipande. Uliza kila kipande peke yake:

```
print(bei("mbuta", 4))
```

Ilitoa 2000. Usikisie, tazama namba yenyewe. 2000 ukigawanya kwa 4 ni 500, na 500 ni bei ya ngege. Kwa hivyo mbuta amepita kwenye mlango wa ngege. Namba mbaya mara nyingi inabeba anwani ya ilikotoka, ukiwa na subira ya kuigawanya.

Mlango wenyewe ni huu:

```
    if aina == "ngege" or "tilapia":
```

Kwa Kiswahili tunasema "ikiwa aina ni ngege au tilapia" na kila mtu anaelewa. Python haielewi hivyo. Yenyewe inasoma maswali mawili yaliyounganishwa na `or`. Swali la kwanza: je, `aina` ni sawa na "ngege"? La pili: je, "tilapia"? Ndiyo, hivyo tu, neno limesimama peke yake bila kulinganishwa na chochote. Na kanuni ya Python ni kwamba maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hivyo swali la pili jibu lake ni ndiyo daima, na mlango uko wazi kwa mbuta, kwa omena, hata kwa kiatu. Thibitisha mwenyewe kwa `print(bool("tilapia"))`, itatoa `True`.

Sahihi ni kurudia ulinganisho, au kutumia `in`:

```
    if aina == "ngege" or aina == "tilapia":
    if aina in ("ngege", "tilapia"):
```

Mimi napendelea ya pili. Ila tahadhari: ukibaki na jina moja tu ndani ya mabano, kama `aina in ("omena")`, hayo mabano hayahesabiki, na Python itauliza kama `aina` ni kipande cha neno "omena". "mena" itapita. Hata maandishi matupu yatapita, yaani mteja aliyebonyeza Enter bila kuandika chochote atauziwa omena.

Endesha tena: 5320.0. Tunakaribia. Pungufu ni 180, na 180 ni asilimia 5 ya 3,600. Binti aliliona hilo mwenyewe kabla sijafungua mdomo: omena imepunguziwa bei.

Hatua ya 5: Omena iondoke mapema

Alitaka kuandika `if aina != "omena" and kiasi >= 10`, kisha arudie hivyo hivyo kwenye `elif`. Itafanya kazi. Lakini nilimuuliza: ukipata mteja wa kutoka Mwanza anayeiita dagaa, utafanyaje? Akaandika:

```
    if aina != "omena" or aina != "dagaa":
```

Huu ni mtego wa `or` tena, umegeuzwa kichwa chini. Hakuna neno linaloweza kuwa "omena" na "dagaa" kwa wakati mmoja, kwa hivyo siku zote moja kati ya hizo "si sawa" ni kweli. Sharti hili halimzuii yeyote. Ukikanusha, `or` hugeuka `and`: si omena *na* si dagaa.

Njia niipendayo ni kuiondoa omena mlangoni kabisa kabla ya habari za punguzo kuanza:

```
    if aina in ("omena", "dagaa"):
        return kiasi * 300
```

Weka mistari hiyo mwanzoni mwa fanksheni, na ufute tawi la omena kule chini. `return` ikishafikiwa, safari imeisha. Omena haiwezi tena kukutana na punguzo hata kwa bahati mbaya. Wapo walimu wanaosisitiza fanksheni iwe na `return` moja tu, ya mwisho. Siwabishii darasani kwao, lakini kwa mwanafunzi anayeanza naona `return` ya mapema inaondoa masharti mengi kichwani.

Endesha:

```
Jumla na boda: 5500
```

Jibu la zoezi limetoka. Hata ile `.0` imetoweka, kwa sababu hakuna tena kuzidisha kwa 0.95 katika mahesabu haya mawili. Mama akasema, "Haya." Nami nikasema bado.

Hatua ya 6: Sharti la kwanza kutimia ndilo linalochukua abiria

Rudi kwenye ile orodha ya karatasi. `bei("ngege", 20)` ilipaswa kuwa 9000. Ilitoa 9500.0.

Mnyororo wa `if` na `elif` unasomwa kutoka juu kwenda chini, na likitimia la kwanza yaliyobaki hayaulizwi. Ni kama stendi: makanga wa gari la kwanza anaita "Maseno! Luanda!" na wewe unakwenda Luanda, unapanda. Gari la pili likija, limeandikwa Luanda pekee na viti vizuri, wewe hauko tena stendi. Kilo 20 ni zaidi ya 10, kwa hivyo `kiasi >= 10` imeshamchukua mteja kabla `kiasi >= 20` haijapewa nafasi. Tawi la pili halitamwona mtu yeyote hadi mwisho wa dunia.

Panga sharti gumu juu, jepesi chini:

```
    if kiasi >= 20:
        jumla = jumla * 0.90
    elif kiasi >= 10:
        jumla = jumla * 0.95
    return jumla
```

Na usiibadilishe hiyo `elif` kuwa `if` ukidhani ni mapambo. Ukifanya hivyo mteja wa kilo 20 anapata punguzo la asilimia 10, kisha anashukia la pili na kupata asilimia 5 nyingine: 10,000 inakuwa 9,000, halafu 8,550. Biashara ya samaki haiwezi kustahimili hilo.

Hatua ya 7: Aina isiyojulikana

Jaribu `bei("kamongo", 3)`. Programu inaanguka na kosa la `UnboundLocalError`, ikisema kigeu `jumla` kimetumika kabla ya kupewa thamani. Ni kweli: hakuna tawi lililomtambua kamongo, kwa hivyo `jumla` haikuwahi kuzaliwa. Ongeza `else` yenye `return -1`, kama zoezi lilivyoagiza.

Mimi binafsi siipendi hiyo -1. Ni namba, na namba hujumlishika kimyakimya. Ukijumlisha kamongo na boda utapata shilingi 99 na hakuna atakayekuonya. Zoezi limeagiza, tutatii, lakini anayeita fanksheni aikague kwanza kabla ya kuijumlisha.

Fanksheni nzima sasa ni hii:

```
def bei(aina, kiasi):
    aina = aina.strip().lower()

    if aina in ("omena", "dagaa"):
        return kiasi * 300

    if aina in ("ngege", "tilapia"):
        jumla = kiasi * 500
    elif aina in ("mbuta", "sangara"):
        jumla = kiasi * 450
    else:
        return -1

    if kiasi >= 20:
        jumla = jumla * 0.90
    elif kiasi >= 10:
        jumla = jumla * 0.95
    return jumla
```

Sangara ni jina jingine la mbuta. Mstari wa pili ni wa kupunguza ugomvi: unaondoa nafasi za pembeni na kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, maana kwa Python "Ngege" na "ngege" ni samaki wawili tofauti.

Hatua ya 8: Acha kompyuta ijisahihishe

Ile orodha ya karatasi igeuze kuwa mistari ya `assert`, chini ya fanksheni:

```
assert bei("mbuta", 4) == 1800
assert bei("omena", 12) == 3600
assert bei("ngege", 9) == 4500
assert bei("ngege", 10) == 4750
assert bei("ngege", 19) == 9025
assert bei("ngege", 20) == 9000
assert bei("kamongo", 3) == -1
```

Zikipita zote, kimya. Moja ikikosea, programu inasimama hapo hapo na kukuonyesha mstari. Kila ukigusa fanksheni, endesha hizi tena. Nimeshaona mtu anarekebisha kosa la sita na kufufua la pili. Ona pia kwamba majaribio haya yasingewezekana na ile fanksheni ya `print`, kwa sababu kelele ya mlangoni hailinganishwi na 1800.

Jambo moja la pembeni: namba zenye nukta kwenye kompyuta si kamilifu. `0.1 + 0.2` kwenye Python hutoa 0.30000000000000004. Namba zetu hapa zinatoka safi, lakini ukibadilisha bei na `assert` ikagoma kwa tofauti ya senti isiyoonekana, zungusha kwanza kwa `round(jibu, 2)`.

Hatua ya 9: Mteja akiandika mwenyewe

Binti alitaka programu iulize. Akaandika `kiasi = input("Kiasi: ")`, akachagua omena, akaandika 12. Skrini ikajaa 121212121212 hadi ikafunika dirisha.

`input` hurudisha maandishi daima, hata ukibonyeza tarakimu. Na Python ukizidisha maandishi kwa 300, inayarudia mara 300. Kwa ngege ingeanguka kwenye `kiasi >= 20` na kusema maandishi hayalinganishwi na namba, lakini omena, tuliyoipa njia ya mkato, haikupitia hapo. Dawa:

```
kiasi = float(input("Kiasi: "))
```

`float` na si `int`, kwa sababu watu hununua nusu gorogoro na kilo mbili unusu.

Kikapu kizima

Akiwa amechangamka sasa, aliandika fanksheni ya pili ya kujumlisha manunuzi mengi:

```
def kikapu(orodha):
    jumla = 0
    for aina, kiasi in orodha:
        jumla = jumla + bei(aina, kiasi)
        return jumla
```

Alipoipa `[("mbuta", 4), ("omena", 12)]` ilirudisha 1800 badala ya 5400. Sikusema kitu. Aliweka kidole kwenye skrini, akakishusha wima kutoka `def`, akafika kwenye `return` na kukuta iko ndani ya kitanzi. Fanksheni ilikuwa ikiondoka sokoni baada ya samaki wa kwanza. Akaivuta nyuma nafasi nne, akapata 5400. Ile -1 ya kamongo aliisahau, nikamkumbusha, naye akaongeza ukaguzi wake.

Walipokuwa wakiondoka, mama yake aligeuka kwenye ngazi. "Na mtu akichukua ngege kilo kumi na mbuta kilo kumi, si hizo ni kilo ishirini? Yeye anapunguziwa kumi ama tano?"

Tulisoma zoezi tena, sisi watatu tumeinama juu ya skrini. Halikusema. Kwa `kikapu` tulichoandika, kila aina inapunguziwa asilimia 5 yake kivyake. Binti akaandika swali hilo kwenye karatasi, chini ya orodha ya majaribio, alipeleke kwa mwalimu wake Jumatatu.